Konokono Tumboni mwa Shemeji

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimeanza maisha mapya. Ni ya tatu mwaka huu, lakini haya ndiyo yenyewe.

Ilikuwa hivi. Shangazi kaingia chumba cha cherehani huku anahema kwa furaha. Kampuni ya kusafirisha vifurushi inatafuta fundi wa kushona mashati ya madereva wake wote. Si mara moja tu, kila mwaka! Mwenye kampuni, mwanamke ambaye mji mzima unamwita Mama Mizigo, anataka kila fundi amtumie picha ya shati la mfano kabla ya Ijumaa. Picha kwanza, maneno baadaye. Hataki mafundi wajazane ofisini kwake na mashati mikononi.

Shati Shangazi analo. La bluu, kola imesimama kama askari wa zamu, mfuko mmoja kifuani. Kilichobaki ni picha. Akasema anavuka barabara kwenda kwa Bwana Mwanga.

Bwana Mwanga! Mpiga picha wa ng'ambo ya barabara, mwenye kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu anavyomiliki! Nikasimama wima. Nikamwambia Shangazi hela ya Bwana Mwanga anunulie uzi, kazi ya picha aniachie mimi. Kupiga, kusafisha, kung'arisha kwenye kompyuta, yote nayajua. Shangazi akauliza nimejifunza lini, maana tangu niache shule kidato cha pili hajaniona nikishika hata kalamu, isipokuwa kuchokonolea sikio. Nikamjibu kwamba mtu aliyefika nchi nne kama mimi hujifunza mengi njiani. Ni kweli nimefika nchi nne. Kwa lori. Mbili kati ya hizo nilikuwa macho.

Halafu akasema jambo ambalo halikunichekesha. Mwenye nyumba anataka kuwapa watu wa vipuri chumba chetu. Amempa Shangazi mpaka mwisho wa mwezi aonyeshe kwamba ana kazi ya kudumu. Asipoonyesha, anauza cherehani zote na kwenda kukaa kwa binti yake mkubwa, alee wajukuu na kuambiwa asiguse rimoti.

Shangazi yangu! Aliyewahi kumfukuza afisa wa baraza la mji kwa rula ya mbao! Aambiwe asiguse rimoti!

Nikamwambia asitie shaka, ahesabu kazi ameshaipata. Mimi nalala chini ya meza yake ya kukatia vitambaa, lakini hilo halihusiani kabisa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata laptopu. Ni ya Shemeji, mume wa dada yangu, mtu mkarimu sana kwa vitu vilivyokufa. Betri haina uhai. Mashine inaishi kwa waya, na ukiugusa waya hata kwa pumzi inazimika kama bibi harusi aliyezirai. Herufi Z haipo, pana shimo tu. Shemeji akasema nisijali, Z ni ya mwisho kabisa, watu wengi hawafiki huko.

Kisha programu. Zile za maana zinalipiwa kila mwezi. Nikasoma bei, nikaisoma tena, nikacheka peke yangu mpaka Shangazi akanipa maji. Nikatafuta ya bure. Nikaipata! Inaitwa ya majaribio, na alama yake ni konokono anayetabasamu. Nikampenda palepale.

Nimeipakua kwa intaneti ya kinyozi. Kinyozi hamwambii mtu nywila mpaka anyolewe. Nikanyolewa nywele. Ikafika katikati, ikakatika, kinyozi akabadilisha nywila. Nikanyolewa ndevu. Ikaingia yote! Nimerudi nyumbani msafi kama yai. Shangazi akaniuliza kama nimekamatwa.

Jioni masomo. Mtandaoni kuna mwalimu mmoja ana sauti nzuri sana, mpole, hana haraka. Hiyo ndiyo shida yake. Anasalimia. Anashukuru. Anaeleza alivyoanza. Anapofika penyewe, anaposema "na sasa jambo muhimu kuliko yote ni," bando langu limekwisha. Masomo yote hivyo hivyo! Najua kukata picha, kubandika kulikuwa nusu ya pili. Najua kuongeza mwanga, kupunguza sijui. Najua kunakili kitu hapa na kukirudia pale, ila namna ya kuacha sikufika.

Sivunjiki moyo. Watu wangapi wanajua nusu ya kitu?

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya kupiga picha. Mwanamitindo: Shemeji. Nimemchagua kwa sababu ana kifua kipana, na kifua chenyewe kinaendelea mpaka kiunoni. Shati likamkaa barabara. Vifungo vikawa vinafanya kazi kwa bidii.

Nikatundika shuka ukutani. Nikampanga Shemeji. Nikamwambia afikirie safari ndefu na barabara nzuri. Akafikiria chakula, niliona usoni. Nikapiga kwa simu yangu. Baada ya picha chache simu ikagoma, imejaa. Imejaa nini? Nusu za masomo!

Shemeji akadai malipo. Nikamwambia anapata heshima. Akasema heshima anayo nyumbani, yeye anataka shati. Shangazi akakataa, Shemeji akaanza kufungua vifungo kwa hasira, kimoja kikaruka kikampiga Shangazi kwenye paji la uso. Ili kuleta amani nikasema achukue shati, kazi yake imekwisha, sisi tuna picha. Busara ya kimataifa hiyo. Shangazi akakishona kifungo shati likiwa mwilini mwa Shemeji, sindano ikipita karibu sana na kitovu.

Mchana nikaenda kupeleleza kwa Bwana Mwanga. Nikajifanya nataka picha ya pasipoti, kumbe nataka kuona vidole vyake vinavyocheza kwenye kompyuta. Akaniuliza ndevu zimeenda wapi. Nikasema likizo. Akanipiga picha, akageuza skrini ukutani kama anaficha kadi za karata! Niliona kitu kimoja tu. Kila akikosea, anabonyeza Kontroli na Z kwa pamoja, na kosa linafutika kama halikuwahi kutokea.

Z.

Herufi pekee inayosamehe, na ndiyo sina!

Nimechonga njiti ya kiberiti. Nikiitumbukiza kwenye shimo kwa pembe fulani, inabonyeza. Bwana Mwanga hana ufundi huo.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya kazi. Sikutoka kitini ila mara Shangazi alipoutegua waya kwa ufagio, na nikaanza upya. Mara nyingine akautegua kwa goti. Nikaanza upya tena. Mara ya tatu niliutegua mimi mwenyewe.

Nimekata shuka lote nyuma. Sikio moja la Shemeji likaenda nalo. Njiti. Likarudi. Nikaongeza mwanga, shati likawaka kama jiko la gesi. Njiti. Halafu nikapata brashi ya kusukuma. Unasukuma kitu, kinasogea kama unga uliokandwa. Nikalisukuma tumbo la Shemeji ndani. Nikalisukuma mpaka akawa kijana mwembamba mwenye uso wa mtu mzima. Alitisha. Nikamrudishia tumbo lake kwa heshima.

Saa za alasiri ikakamilika. Shati safi, kola safi, Shemeji anaelea kwenye weupe kama malaika wa vifurushi. Nikabonyeza kutoa picha kwenye programu.

Na hapo! Katikati ya picha, juu kabisa ya tumbo la Shemeji, amekaa konokono. Mweupe, mkubwa kama sahani, pembe juu, anatabasamu. Kajipinda na tumbo vizuri mno, utadhani kashonwa na uzi.

Nikafikiri sana. Nikaelewa. Programu imeipenda kazi yangu, ikaigongea muhuri wa ubora! Kama vile mwalimu anavyogonga nyota kwenye daftari la mtoto. Mimi sikuwahi kugongewa nyota. Nilitazama kwa muda mrefu kidogo.

Nikaituma kwa Mama Mizigo. Kisha nikafuta picha zote za jana kwenye simu ili masomo yapate nafasi. Shemeji amekuja kuaga, anasafiri na lori la mbao mpaka wiki ijayo. Kavaa shati.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimevuka barabara kumwonyesha Bwana Mwanga picha. Si kwa majivuno. Kidogo tu.

Akaitazama. Akavua miwani. Akaivaa. Akaanza kucheka bila sauti, mabega tu, mpaka mteja wake aliyekaa kwenye kiti akaharibu pozi. Alipopata pumzi akasema huo si muhuri wa ubora hata kidogo. Programu isiyolipiwa humbandika konokono huyo kwenye kila picha ili dunia yote ijue mwenyewe hajalipa. "Dunia yote," akarudia, akicheza na jina ambalo watu wananiita mtaani, maana mimi wananiita Dunia kwa ajili ya safari zangu. Akasema ukilipa, konokono anaondoka. Usipolipa, mnaishi pamoja.

Nikamjibu kwamba hilo nalijua siku nyingi, nilikuwa nampima yeye kama anajua. Nikatoka kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli. Nikagonga mlango wa kioo.

Nikarudi nyumbani. Shangazi kanikalia na maswali: wamejibu? Wamesema nini? Nilipofungua mdomo nimwambie ukweli, kweli nilikuwa nataka, simu ikalia. Karani wa Mama Mizigo. Picha imewapendeza mno. Sisi ni wa kwanza kuitwa. Jumatatu asubuhi, fundi na mbunifu wake.

Mbunifu! Hakuna mtu aliyewahi kuniita neno refu hivyo bila kunitukana.

Shangazi kapiga vigelegele mpaka Bwana Mwanga katoka nje kuangalia. Nikampungia mkono.

Ukweli nimeuweka kando kwanza.

Jumatatu, 11 Agosti

Ofisi ya Mama Mizigo imejaa vifurushi mpaka dirishani. Mama mwenyewe mfupi, anaongea kama anayesoma taarifa ya habari, simu mbili mkononi. Akatukaribisha. Picha yetu kaichapisha kubwa, kaibandika ukutani. Shemeji na konokono wake wanatutazama kutoka juu.

Akauliza shati lenyewe liko wapi. Shangazi akanitazama. Nikasema liko kwenye maonyesho ya safari. Si uongo. Linasafiri, na mtu yeyote anaweza kulitazama. Mama Mizigo akasema sawa, ila ana swali moja tu. Yule konokono anashonwa kwa mkono au kwa mashine?

Shangazi akauliza konokono gani. Hakuwa na miwani, maskini. Tangu Alhamisi alikuwa anadhani ni mwanga wa dirishani.

Hapa ndipo mtu mwingine angeungama. Mimi mdomo wangu ulishaondoka. Nikasema, Mama, konokono ndiye roho ya shati. Nikasema konokono anabeba nyumba nzima mgongoni, na haijasikika hata siku moja konokono amekwenda kulalamika kwamba nyumba yake imepotea njiani. Mama Mizigo akaweka simu zote mbili mezani. Akasema tangu afungue kampuni hii watu hawamlalamikii vifurushi vilivyochelewa, wanamlalamikia vilivyopotea. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba hakuna aliyewahi kumwelewa namna hiyo.

Anataka konokono kwenye kila shati. Tumboni, palepale, ukubwa uleule. Bei ya shati isibadilike. Siku ya kukabidhi isibadilike.

Tulipofika nyumbani Shangazi akavaa miwani, akaiomba picha, akamtazama konokono. Halafu akanishika sikio, mimi mtu mzima niliyefika nchi nne, akanizungusha meza ya kukatia yote. Akasema, wewe mtoto wa kaka yangu, baba yako aliniachia wewe nikulee, hakuniambia unakuja na wadudu!

Jumanne, 12 Agosti

Shangazi kajaribu kumtarizi konokono mmoja kwenye kipande cha kitambaa. Kaanza alfajiri. Adhuhuri amemaliza pembe. Ni pembe nzuri sana, nikamwambia. Akasema nikiendelea kusifu, sindano itaingia mahali.

Akaeleza kama kwa mtoto. Cherehani zake hazitarizi. Konokono mmoja kwa mkono ni kutwa nzima. Madereva ni jeshi. Hata akishona usingizini hawezi kumaliza, na akichelewa kazi inakwenda kwa mafundi wa mjini wenye cherehani za umeme, na chumba kinakwenda kwa watu wa vipuri. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Haikuwa na vumbi. Niliona.

Nikaondoka bila kelele. Nikaenda kwa Mama Mizigo peke yangu, nimwondoe konokono kwa njia ya kistaarabu. Nilikuwa nimeandaa kabisa: nitasema konokono hulala sana, si mfano mzuri kwa wafanyakazi.

Sikupata nafasi. Nimekuta madereva wamejaa uani, malori yamezimwa. Mama Mizigo alikuwa amewaonyesha picha. Dereva mmoja mwenye sharubu kama brashi ya viatu alikuwa anahutubia amesimama juu ya ngazi ya lori. Akasema wateja tayari wanawaita kobe, sasa wabebe na konokono tumboni kama hati ya ushahidi? Trafiki akiwasimamisha kwa mwendo kasi watamwonyesha tumbo? Mwingine akasema mke wake atamfungia nje. Mwingine, mnene kama Shemeji, akasema yeye konokono hana neno naye, lakini tumboni kwake atanyooka awe nyoka.

Nikajaribu kujichanganya na kundi, nikapiga kelele "kweli kabisa!" pamoja nao. Mama Mizigo akaniona. Akanivuta ofisini. Akasema amewaahidi madereva: kesho kutwa saa sita mchana waletewe picha mpya ya shati lisilo na konokono. Wakilikubali, kazi ni yetu. Wakilikataa, anawapa wale wa mjini. Hana muda wa kulumbana na watu wenye funguo za malori yake.

Nikasema hakuna shida hata chembe.

Shati liko kwenye lori la mbao. Kitambaa cha bluu kilikwisha kwenye shati lilelile. Picha za mwanzo nimezifuta mimi. Hakuna shida hata chembe!

Jumatano, 13 Agosti

Mimi na konokono, ana kwa ana.

Nimeanza na kifutio. Nikamfuta, na alipotoka akatoka na shati. Shemeji akabaki na tundu tumboni lenye umbo la konokono, na kupitia tundu unaona weupe wa mbinguni. Njiti. Nikampaka rangi ya bluu juu. Bluu yangu na bluu ya shati hazikuwahi kukutana maishani. Sasa akawa konokono wa bluu, ametulia, kama anayejificha. Njiti. Njiti ikavunjika ndani ya shimo. Nikachonga nyingine.

Mchana Bwana Mwanga kavuka barabara. Kasikia. Mtaa mzima umesikia. Akasema, bila kucheka, kwamba nimpe hiyo picha, yeye anaisafisha mara moja kwa ajili ya Shangazi, hataki hata asante. Alisema vizuri kabisa, kama ndugu. Hilo ndilo lililoniuma! Nikamjibu kwamba namshukuru, ila hatua niliyofika ni ya kitaalamu sana, mtu akiingia katikati atapotea. Akaitazama njiti. Akaondoka.

Shangazi kanisikia. Alikuwa anaviringisha vitambaa vyake na kuvifunga kamba, kimoja kimoja, kama mtu anayehama.

Nikarudi kitini. Nikasema na nafsi yangu: Dunia, unajua nini? Kwa uhakika kabisa, unajua nini? Najua kunakili! Unagusa hapa, unabandika pale. Kuacha sikufundishwa, lakini leo ni nani anataka kuacha? Nikagusa mfuko wa kifuani. Nikaubandika juu ya konokono. Haukutosha, pembe zinachungulia. Nikabandika mwingine pembeni yake, na mwingine chini, nikaunganisha, nikalainisha. Ukatoka mfuko mmoja mpana, tumbo zima, kutoka ubavu mpaka ubavu. Konokono kazikwa humo mzima mzima!

Nikabonyeza kutoa picha.

Kaja tena. Juu ya mfuko. Anatabasamu.

Nikamzika tena kwa mfuko juu ya mfuko. Kafufuka. Nilimzika mpaka Shemeji akawa kama kabati la droo. Kila nikitoa picha, huyu hapa! Kabla sijatoa, hayupo. Nikitoa, yupo. Nikakaa. Nikarudi nyuma kwa njiti mpaka mfuko wa kwanza, nikatazama skrini: mfuko mmoja, safi, hauna konokono, maana bado sijatoa. Na simu yangu mezani, ina kamera.

Basi usitoe!

Nikaipiga picha skrini yenyewe kwa simu. Konokono hakupata hata nafasi ya kuvaa. Nimeituma. Bwana Mwanga anajua hilo? Hajui.

Alhamisi, 14 Agosti

Shangazi kakataa nisimame peke yangu. Kavaa kanga yake ya kutokea, kabeba futi ya kupimia na mkoba wa sindano. Mlangoni kwa Mama Mizigo akaniambia: "Leo mdomo wako uko likizo pamoja na ndevu zako." Nikaitikia kwa kichwa.

Madereva wote uani. Picha mpya ukutani, kubwa. Mama Mizigo akainama karibu, akauliza mbona anaona kama kuna mtu anachungulia kutoka mfukoni. Nikaangalia. Ni mimi! Uso wangu kwenye kioo cha skrini, umekodoa macho, ulimi nje kidogo, kama ninavyofanya nikiwa na kazi ngumu. Nikataka kusema ni mng'ao wa kitambaa bora. Shangazi akanikanyaga.

Akasema yeye mwenyewe. Kwa sauti ileile anayogombania bei ya uzi. Akasema konokono yule lilikuwa kosa la huyu mtoto wa kaka yake. Mfuko ule nao ni kosa lake, alikuwa anamfunika konokono. Na huyo aliyemo mfukoni ndiye mwenye makosa yote mawili, mnamwona. Shati lake halisi lina mfuko mmoja kifuani na halina mnyama. Wakilitaka hilo, atalishona. Wasipolitaka, amechoka, anakwenda kulea wajukuu.

Nikatafuta mlango kwa macho.

Kisha yule mwenye sharubu akasema ngoja. Akasema mfuko wa kifuani ni adui yake. Akiinama kunyanyua mzigo, kalamu inadondoka, risiti zinaruka, simu inaingia chini ya lori. Lakini huo wa tumboni, hata akiinama, vitu vinakaa. Akaiga kuinama. Mwenzake akaiga. Uani mzima madereva wanainama na kunyanyuka wameshika matumbo, mpita njia angeita daktari. Yule mnene akasema hapo hata mkono unapumzika vizuri ukisubiri mteja atafute kitambulisho.

Shangazi hakungoja. Akamvuta mwenye sharubu kwa mkanda, akampima tumbo kwa futi, akamwambia asilibane, hapa hakuna msichana. Akasema mdomo wa mfuko hatauweka juu kama kwenye picha, atauweka ubavuni, ili kiti cha lori kisimwage vitu. Akauliza mkono anaotumia kuandika ni upi. Wakaanza kujipanga mstari wenyewe!

Mama Mizigo akauliza kama mfuko huo unaongeza siku. Shangazi akasema mfuko anashona amefumba macho, anaongea na jirani. Wakapeana mikono. Kazi ni yetu, na ya mwakani pia wakiridhika.

Njiani nikamwambia Shangazi tumeshinda. Akasema "tume" gani. Halafu akacheka, peke yake, katikati ya barabara, akasimama kabisa kucheka, akaniegemea. Akasema baba yangu naye alikuwa hivihivi, Mungu amlaze pema.

Jumatatu, 18 Agosti

Napiga pasi mifuko. Hiyo ndiyo adhabu yangu, na Shangazi hajasema inaisha lini. Mfuko mmoja kila dereva, na kila dereva mashati kadhaa. Nakunja, nabana, napiga pasi, naweka. Shemeji karudi na shati, anadai ushuru kwa kuwa mfuko ulibuniwa juu ya tumbo lake. Mwenye nyumba kapita asubuhi, kaona mabunda ya bluu mpaka darini, kawaambia watu wa vipuri watafute kwingine. Vitambaa vimefunguliwa kamba. Cherehani zinapiga kelele kutwa.

Ukichunguza kwa haki, yote haya ni kazi ya nani? Shati la mfuko wa kifuani lingefanana na mashati ya mafundi wote. Bila konokono hakuna kuitwa. Bila kumzika konokono hakuna mfuko. Nimemweleza Shangazi hesabu hii. Akaniongezea bunda la mifuko.

Adhuhuri Mama Mizigo mwenyewe kaja kukagua. Kafurahi. Alipokuwa anatoka akadokeza kwamba sasa anatafuta mtu wa kumtengenezea tangazo la video, malori yakipita barabarani, muziki, maneno yakiruka ruka. Kabla Bwana Mwanga hajavuka barabara, nimekwisha sema. Nikamwambia video ndiyo fani yangu hasa, picha hizi za kusimama nilikuwa nawasaidia tu. Shangazi aliacha kushona. Cherehani ilinyamaza kabisa.

Mama Mizigo akauliza kama naweza kumpatia na zile za kutoka angani, malori yote yaonekane kwa juu.

Nikamwambia angani ndiko nilikozoea.

Kesho nikimaliza pasi natafuta ngazi ndefu.